Simu ya Kusogeza Wi-Fi Hadi Uani: Ikigoma, Anzia Wapi?

Nyumba nyingi za Mtwara na Lindi zina mpangilio mmoja. Mbele kuna sebule na vyumba viwili vitatu, katikati ua, nyuma jiko, choo na vyumba vya uani. Ruta inakaa sebuleni kwa sababu ndiko waya ulikoingilia au ndiko televisheni iliko. Anayeihitaji zaidi yuko uani: kijana wa chuo, mpangaji, dada anayeuza vitenge kwa WhatsApp. Huko Wi-Fi inafika imechoka, ukurasa unazunguka bila kufunguka.

Ndipo mtu anapokumbuka simu ya zamani iliyoko kabatini, ile iliyopasuka kioo lakini bado inawaka. Amesikia kwamba simu inaweza kupokea Wi-Fi ya ruta na kuirusha tena mbele. Inaweza kweli. Shida huanza pale inapogoma, kwa sababu wengi hubadilisha kila kitu kwa mkupuo: wanabadili nenosiri, wanafuta mipangilio, wanampigia mtoa huduma, na hata mtandao ukirudi hawajui ni kipi kilichousaidia.

Mtandao unaofika uani unapita vipande vitatu. Cha kwanza ni intaneti hadi kwenye ruta. Cha pili ni ruta hadi kwenye simu uliyoiweka katikati. Cha tatu ni simu hiyo hadi kwenye kifaa cha mtumiaji. Simu ya katikati haitengenezi mtandao, inapitisha kile ilichopokea tu. Kwa hiyo dalili yoyote utakayoiona, kwanza tafuta kipande kilichokatika, kisha ndiyo uguse mipangilio.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Simama karibu na ruta, unganisha kifaa chako moja kwa moja, fungua ukurasa ambao hujaufungua siku hiyo. Kisha ishike simu ya katikati palepale ilipo, uzime data ya laini, ufungue ukurasa mwingine kwa kutumia simu hiyo yenyewe. Mwisho, jiunge na hotspoti yake, yaani Wi-Fi inayorushwa na simu hiyo, ukiwa umesimama hatua mbili tu kutoka ilipo. Hatua ya kwanza itakayogoma ndiyo yenye ugonjwa, na zilizoitangulia hazina hatia.

Usiruke ile ya kwanza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi kadhaa jirani. Siku kama hiyo unaweza kuzungusha simu nyumba nzima, kutoka barazani hadi msalani, na usipate kitu. Ruta ikishindwa hata ukiwa umeishika mkononi, simu ya katikati iache kama ilivyo.

Wi-Fi inazimika ukiwasha hotspoti

Hii ndiyo dalili inayoamua kama safari ipo. Unganisha simu na ruta, washa hotspoti, halafu teremsha pazia la juu la skrini uangalie alama ya Wi-Fi. Ikibaki, simu yako inaweza kupokea na kurusha kwa wakati mmoja. Ikipotea papo hapo, simu imechagua kazi moja, na hotspoti uliyonayo inagawa data ya laini.

Sababu iko kwenye chipu ya Wi-Fi ya simu na programu aliyoiweka mtengenezaji. Samsung ilileta uwezo huu kwenye Galaxy S7 ya mwaka 2016. Android 9, iliyotoka 2018, ikawapa watengenezaji wengine njia rasmi ya kuuwezesha, lakini haikuwalazimisha, na simu nyingi za bei nafuu zilibaki bila huo uwezo. Anayekuuzia simu iliyotumika na kukuhakikishia kwamba Android zote zinafanya kazi hiyo, mwombe muijaribu hapohapo dukani kwa Wi-Fi yake. Jaribio hilo linachukua dakika moja na linamaliza ubishi.

Kabla hujakata tamaa, ingia ndani ya mipangilio ya hotspoti. Kile kitufe cha juu cha kuwasha na kuzima hakitoshi. Kwenye Samsung zenye uwezo huo kuna swichi ambayo kwa menyu ya Kiingereza imeandikwa Wi-Fi sharing, na mara nyingi unaikuta imezimwa. Mwenye iPhone asihangaike: hotspoti yake inagawa data ya laini tu, haipitishi Wi-Fi ya ruta.

Kuna hali ya tatu inayochanganya zaidi, nayo ni pale simu inapoweza leo na kushindwa kesho. Hapo angalia ruta inatumia masafa gani. Ruta za siku hizi hurusha kwa gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Masafa hayo yamegawanywa kwa njia ndogo zenye namba, zinazoitwa chaneli. Ndani ya masafa ya 5, chaneli za 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, na kanuni za redio zinaitaka ruta isikilize kwanza kama kuna rada kabla ya kurusha. Simu karibu zote haziruhusiwi kufungua hotspoti kwenye chaneli hizo. Ruta ikichagua chaneli kwa hiari yake, siku inapoangukia 52 au 100 simu yako inakwama, na siku inapoangukia 36 mambo yanaenda. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa ruta, funga masafa ya 5 kwenye chaneli 36, 40, 44 au 48, na huko kuruka-ruka kutakwisha. Vinginevyo iunganishe simu ya katikati na jina la masafa ya 2.4.

Kama simu haiwezi kabisa, zipo njia za kando. Kwa waya wa USB, simu ya Android inaweza kupokea Wi-Fi na kuipeleka kwenye laptopu moja. Inafaa sana kwa kompyuta ya mezani isiyo na Wi-Fi. Kwa Bluetooth pia inapita, ila kasi yake hata hewa ikiwa safi haizidi megabiti 3 kwa sekunde, na kwa kawaida utapata moja au mbili. Ujumbe na barua pepe zitakwenda, video itakutesa. Laptopu ya Windows 10 au 11 nayo inaweza kupokea Wi-Fi na kuigawa kwa vifaa hadi 8, na kwa mwenye laptopu inayoshinda mezani hii ni njia bora kuliko kulazimisha simu isiyoweza. Programu za kupitisha mtandao kwa proksi, yaani programu inayopokea maombi ya kifaa na kuyapeleka mbele kwa niaba yake, zipo pia, lakini kila kifaa kinachojiunga kinahitaji kuandikiwa anwani ya proksi kwa mkono, na programu nyingi za simu haziijali anwani hiyo. Kivinjari kitafunguka, WhatsApp itakaa kimya. Mimi siwapi wazee njia hiyo, inawasumbua bure.

Kifaa kimejiunga na hotspoti, intaneti hakuna

Alama ya Wi-Fi imejaa, kifaa kinakuambia kimeungana, na bado hakuna kinachofunguka. Alama hiyo inapima kipande cha tatu peke yake, yaani nguvu ya mawimbi kati yako na simu ya katikati. Haisemi lolote kuhusu simu na ruta. Ndiyo maana watu hubishana mbele ya simu: mmoja anasema mtandao umejaa, mwingine anasema haupo, na wote wawili wanasema kweli.

Chanzo kinachoongoza huku kwetu ni umeme kukatika. Ruta inazima, simu ya katikati ina betri yake kwa hiyo inaendelea kurusha hotspoti isiyo na kitu nyuma yake. Umeme unarudi, ruta inachukua dakika mbili tatu kuamka, simu imeshajaribu kujiunga na kukata tamaa. Kuna simu zinazojirudisha zenyewe, na kuna zinazosubiri kuguswa. Dawa ni kuzima hotspoti, kusubiri alama ya Wi-Fi ya ruta irudi juu ya skrini, ndipo uwashe tena hotspoti. Ufuate mpangilio huo huo, maana ukiwasha hotspoti kwanza, simu nyingine hushikilia chaneli iliyokuwa nayo na haziioni ruta iliyorudi kwenye chaneli tofauti.

Kama umeme kwenu ni wa kukatika mara kwa mara, betri ndogo ya kuhifadhia umeme wa ruta, ile ya volti 12 au 9 kulingana na adapta yako, itakupunguzia kazi hii kuliko mpangilio wowote wa simu. Soma volti zilizoandikwa mgongoni mwa adapta kabla ya kununua. Volti zikizidi, ruta inaungua.

Chanzo cha pili ni VPN, yaani programu inayopitisha mtandao wa simu kwenye njia ya siri, iliyowashwa kwenye simu ya katikati. Kwenye Android ya kawaida, vifaa vilivyojiunga na hotspoti havipitii VPN ya simu, na kuna programu za VPN zinazozuia kabisa chochote kisichopita kwao. Izime. Cha tatu ni kiokoa data: kikiwa kimewashwa, Android inakataa hotspoti au inaibana. Cha nne kinawapata wanaoishi kwenye nyumba za wageni au hosteli ambako Wi-Fi inafunguka kwa vocha: vocha ikiisha muda, simu inabaki imeungana lakini mlango umefungwa. Fungua ukurasa wowote kwenye simu ya katikati yenyewe, ukurasa wa vocha utajitokeza.

Na ipo ile inayopatikana mara chache, ila ikikupata inakupotezea siku nzima: ruta na hotspoti kutumia kundi moja la anwani za mtandao (IP), zile namba zinazotambulisha kila kifaa. Simu za Android za zamani hugawa anwani zinazoanza na 192.168.43, mpya huchagua zenyewe. Ruta ikiwa nayo imewekwa kwenye kundi hilo hilo, simu haijui ujumbe uende upande gani. Angalia anwani ambayo ruta imeipa simu, kisha anwani ambayo simu imeipa laptopu. Namba tatu za mwanzo, zile zinazotengwa kwa nukta, zikifanana, ingia kwenye ruta ubadilishe kundi lake.

Mtandao upo, lakini unatambaa

Hapa ndipo panapostahili muda wako, kwa sababu malalamiko mengi ninayoyasikia yanaishia hapa, na dawa yake haihitaji hela.

Kwanza kubali hasara isiyoepukika. Redio moja ikipokea na kurusha kwenye chaneli moja, haiwezi kufanya yote mawili kwa dakika ile ile. Ni kama mtu mmoja mwenye ndoo moja anayeteka kisimani na kujaza pipa: akiwa kisimani, pipa linasubiri. Kasi inashuka hadi nusu au chini ya hapo. Ukipata megabiti 20 kando ya ruta na 8 au 9 kupitia simu, simu yako ni nzima. Zipo simu za bei ya juu zenye redio mbili zinazoweza kupokea kwa masafa ya 5 na kurusha kwa 2.4 kwa pamoja, na hizo hazipotezi kiasi hicho. Kama yako ina nafasi ya kuchagua masafa ya hotspoti, jaribu mpangilio huo.

Hasara ya pili ni ya mahali, na hii inaepukika. Kosa linalorudiwa katika kila nyumba ni kuiweka simu ya katikati ndani ya chumba cha uani kwenyewe, pale ambapo Wi-Fi ni mbovu. Simu inapokea uchovu na kuusambaza uchovu kwa alama zilizojaa. Mahali pake ni njiani, pale ambapo bado inaisikia ruta vizuri.

Usikadirie kwa macho. Pakua programu ya bure ya kupima Wi-Fi, zipo nyingi kwenye duka la programu, na usome nguvu kwa desibeli. Namba zinaandikwa kwa alama ya kutoa, kwa hiyo iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu. Kutoa 50 ni nzuri sana, kutoa 67 bado inabeba video, kutoa 75 inaanza kukatikakatika, na ikifika kutoa 85 unaona jina la mtandao tu bila faida. Kila desibeli 10 zinazopotea, nguvu imebaki sehemu moja ya kumi. Tembea kutoka kwenye ruta kuelekea uani, pole pole, ukisimama kila baada ya hatua chache kwa sababu programu huchelewa kusasisha namba. Utaona inavyoshuka: mlangoni mwa sebule kutoa 52, korido ya kutokea nyuma kutoa 63, ukivuka ukuta wa jiko ghafla kutoa 79. Mahali pa simu ni kwenye ile 63, kabla ya ukuta uliomeza desibeli 16.

Ukuta ndio wa kuuogopa kuliko umbali. Nyumba ya tofali za saruji pale Chuno au Ligula inameza kiasi. Nyumba kongwe za Mikindani, zile za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zinaweza kufika unene wa nusu mita, na ukuta mmoja wa namna hiyo unaweza kumaliza kabisa masafa ya 5. Kwenye nyumba hizo pitisha mawimbi mlangoni na dirishani: iweke simu mahali ambapo ukisimama unaiona ruta kwa macho kupitia mlango, na pia unauona mlango wa chumba cha uani. Bati ni adui mwingine. Bati halipitishi mawimbi, linayarudisha, kwa hiyo jiko la mabati lililoko katikati ya ua linatupa kivuli nyuma yake. Tanki la maji vilevile, kwa sababu maji hunyonya mawimbi. Hata mwembe uliojaa majani mabichi ya masika hupunguza kitu, na ndiyo maana kuna watu wanaoona Wi-Fi ya uani ni njema mwezi wa kumi na ikaharibika mvua zikichanganya.

Urefu kutoka chini una maana pia. Simu iliyolala sakafuni nyuma ya kochi inarushia miguu ya viti. Ipandishe usawa wa kifua au zaidi, iegemeze wima kwenye kingo ya dirisha, mbali na nondo kadiri unavyoweza. Dirisha lenye nondo nene na wavu wa chuma wa mbu si mahali pazuri hata kama linaonekana wazi. Wavu wa plastiki hauna neno. Ukishapata kona yako, isogeze simu sentimita 5 au 6 kulia, kisha kushoto, ukiangalia namba. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita kama 12 na nusu, na ndani ya chumba mawimbi yanayogonga ukuta hukutana na kuuana sehemu fulani na kusaidiana sehemu ya pili yake. Hizo sentimita chache huweza kukupa desibeli 5 hadi 10 bila kununua chochote. Ukipata pazuri, chora alama ya kalamu dirishani ili anayefuta vumbi arudishe simu palepale.

Kwa hotspoti ya simu ya katikati, chagua 2.4 kama kuna ukuta kati yake na mtumiaji, na 5 kama ni wazi. Mitaa iliyobanana kama Magomeni au Majengo, ambako kila nyumba ina ruta yake, masafa ya 2.4 yanajaa jioni. Dalili yake ni kwamba saa nane mchana mtandao ni mzuri, saa mbili usiku unakufa, na namba ya desibeli haijabadilika hata kidogo. Kwa 2.4, chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Programu ile ile ya kupimia itakuonyesha ipi ina majirani wachache, na unaibadilisha kwenye ruta, si kwenye simu.

Bando linaisha ilhali nyumbani kuna Wi-Fi

Hili linauma kwa sababu linakula hela ya watu wasiojua. Simu ya katikati ina laini yenye bando. Wi-Fi ya ruta inadhoofika kidogo, simu inahamia kwenye data ya laini kimya kimya, na kila aliyejiunga uani anaendelea kutazama video kwa bando la mwenye simu. Hakuna anayeona tofauti mpaka ujumbe wa kumaliza kifurushi uingie.

Zima data ya laini kwenye simu hiyo, na uzime pia ule mpangilio unaoruhusu simu kuhamia data Wi-Fi ikiwa dhaifu. Njia salama zaidi ni kutoa laini kabisa. Zipo simu zinazokataa kuwasha hotspoti bila laini; kwa hizo weka laini isiyo na bando wala salio. Nasisitiza salio, kwa sababu laini isiyo na bando lakini yenye salio itatozwa kwa bei ya nje ya bando, na hiyo inamaliza vocha haraka kuliko bando lenyewe.

Inakatika kila baada ya muda

Ukiona inakatika kwa muda unaofanana, kwa mfano ukienda kuswali ukirudi umeikuta imezima, huo ni mpangilio. Hotspoti nyingi hujizima zisipokuwa na mtu kwa dakika 5 au 10. Ingia kwenye mipangilio yake uzime huko kujizima. Kisha zima hali ya kuokoa betri, na uiambie simu isiifunge Wi-Fi skrini ikilala.

Ikikatika bila mpangilio, rudi kwenye desibeli. Simu iliyo kwenye kutoa 78 inaungana na kupotea siku nzima, na kila ikipotea hotspoti nayo inayumba. Angalia pia idadi: simu nyingi zinapokea vifaa 8 hadi 10, na wa mwisho kuingia humsukuma mwingine au hukataliwa. Nyumba yenye wapangaji wanne, kila mmoja na simu mbili, imeshafika.

Kifaa kimoja hakiioni hotspoti

Wengine wote wanaiona isipokuwa simu ya babu. Hotspoti iko kwenye masafa ya 5, na simu ya babu inajua 2.4 tu. Ihamishie hotspoti kwenye 2.4. Ikiwa anaiona lakini haiingii hata kwa nenosiri sahihi, angalia aina ya ulinzi: ukichagua WPA3 peke yake, vifaa vya zamani vinabaki nje. Weka WPA2, au ile inayochanganya zote mbili kama ipo. Usiiache wazi bila nenosiri kwa sababu ya kumrahisishia mtu mmoja.

Jina la hotspoti liwe tofauti na la ruta. Wapo wanaofananisha majina na nenosiri ili vifaa vihame vyenyewe, lakini kwa simu matokeo yake ni kwamba hujui umejiunga na nini, na kile kipimo cha vipande vitatu hakiwezekani tena.

Printa au televisheni hazionani na simu

Ukiwa uani kwenye hotspoti na printa iko sebuleni kwenye ruta, mko kwenye mitandao miwili. Simu ya katikati inawaficha wote walio nyuma yake, na ruta inawaona kama kifaa kimoja. Huna cha kurekebisha hapo. Sogea sebuleni uungane na ruta ukichapa. Mwenye nyumba aliyeweka kikomo cha matumizi kwa kila kifaa ajue pia kwamba wote wa uani watagawana kikomo kimoja. Kama ruta si yako, mwombe ruhusa mwenyewe kabla ya kuwagawia wengine.

Simu inachemka

Kupokea, kurusha na kuchaji kwa pamoja, kwenye joto la pwani la mwezi wa kumi na mbili, ni kazi nzito. Dalili huanza kwa kasi kushuka mchana na kurudi usiku: simu inajipunguza yenyewe ili isiungue. Ivue kava. Usiiweke juani dirishani, juu ya televisheni wala kwenye godoro. Tumia chaja ya taratibu badala ya ile ya kasi, na kama simu ina mpangilio wa kuishia kuchaji asilimia 80 au 85, uwashe, maana betri inayokaa imejaa na moto siku zote inachakaa upesi.

Ipitishe kidole mgongoni kila wiki. Mfuniko ukiinuka au kioo kikiachana na fremu, betri imevimba. Chomoa chaja, izime, usiiboe wala kuibana, ipeleke kwa fundi. Simu ya namna hiyo kazi yake ya ripita, yaani ya kupokea Wi-Fi na kuirusha mbele, imekwisha hata kama bado inarusha vizuri. Kwa walio karibu na bahari, Shangani au ufukweni Lindi, angalia na tundu la chaji: hewa ya chumvi huleta kutu ya kijani kwenye ncha za waya, chaji inaingia na kutoka, na simu inazima usiku wa manane mkiwa hamna habari.

Umefanya yote na bado

Simu ni suluhisho la chumba kimoja au viwili na watu wachache. Ua ukiwa mrefu, au mtu anafundisha na kufanya mikutano ya video kutoka uani, nunua ripita ya kuchomeka ukutani, ambayo imetengenezwa kukaa kwenye umeme siku zote. Sheria ya mahali ni ile ile ya desibeli kutoa 60 na kidogo. Bora kuliko ripita ni waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi ruta ya pili uani. Waya huo unafaa hadi mita 100, haujali matumbawe wala bati, na haupunguzi kasi kwa nusu.

Upitishe ndani ya bomba la plastiki, kwa sababu jua hupasua ganda lake, na usiweke kiungo chochote nje penye hewa ya chumvi; uwe mzima kutoka ncha hadi ncha. Masika radi zikianza, uchomoe pande zote mbili pamoja na adapta za ruta. Waya uliotandazwa uani huweza kupokea msukumo wa umeme wa radi iliyopiga mbali na nyumba, na ruta zote mbili zikaungua kwa pamoja.